Neno Lililoandikwa Juu ya Pipa

Kwa muda wa miaka sita nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika chuo kidogo cha ufundi mjini Ruiru. Nakiita kidogo kwa sababu chuo kizima kilikaa katika ghorofa mbili za nyumba moja, juu ya duka la mabati na misumari, na karakana yake ilikuwa uani, mahali ambapo hapo kwanza palikuwa pa kuoshea magari. Makazi yangu yalikuwa Thika. Kila siku asubuhi nilipanda matatu kabla jua halijachomoza juu ya Kilimambogo, nikapita Juja, nikashuka Ruiru saa moja na nusu, nikapanda ngazi na mfuko wa madaftari begani. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, imeufupisha mwendo huo hata msafiri hana nafasi ya kusoma kurasa kumi za kitabu. Waliotutangulia katika kazi hii walisafiri kwa taabu zaidi, lakini nadhani walisoma zaidi.

Wanafunzi wetu hawakuja kwa ajili yangu. Walikuja kujifunza kuchomelea vyuma, kutandaza nyaya za umeme, kushona nguo, kusuka nywele na kupika. Somo langu lilikuwa kama ushuru wa daraja: kila mtu aliulipa ili apate kupita, wala hapana aliyeupenda. Niliyekabidhiwa kazi naye aliniachia madaftari manne, na ndani yake yalikuwamo majina na vitenzi, wingi wa neno ng'ombe dume, namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, na orodha ndefu ya maneno yafaayo kujuliwa na mtu muungwana. Niliyafundisha hayo kama nilivyoyakuta. Mwisho wa muhula nilitoa mtihani wa maswali kumi, nikasahihisha kwa wino mwekundu, nikaenda zangu.

Mwaka 2019 ikaja barua. Mkuu wa chuo alituita sote ofisini kwake, akaisoma kwa sauti mara mbili. Ilikuwa juu ya ithibati.

Ithibati ni uthibitisho utolewao na mamlaka ya nchi kwamba chuo kinafundisha kile kinachodai kufundisha, kwa watu wanaoweza kukifundisha, na mahali panapofaa. Hapa Kenya shughuli hiyo, kwa vyuo vya ufundi, imewekwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, iitwayo kwa kifupi TVETA, ambayo husajili na kukagua vyuo, kozi zake na wakufunzi wake. Iliunda vile vile baraza la kuandaa mitaala, kupima wanafunzi na kutoa vyeti, liitwalo CDACC. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria nyingine ya kupanga vyeti vyote vya nchi katika ngazi kumi, toka vyeti vya chini hata shahada ya uzamifu, ili mwajiri wa Mombasa na mwajiri wa Kisumu wakione cheti kimoja kwa jicho moja. Shabaha yake ni njema. Kabla ya hapo kijana aliweza kutoa fedha za mzazi wake zilizopatikana kwa kuuza ndama, akasoma miezi minane katika chumba cha kukodi, akapewa karatasi yenye muhuri mkubwa, na karatasi hiyo isimfae popote.

Tuliambiwa kwamba kila kozi itapimwa kwa kulinganishwa na viwango vilivyoandikwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa lugha, niliachiwa kozi ya mawasiliano niilinganishe na viwango hivyo.

Yafaa nieleze viwango hivi vimejengwaje, maana ndani yake limo jambo ambalo sikulifahamu mara ya kwanza. Mtaala wa zamani huanza na mada: leo vitenzi, kesho barua. Kiwango cha kazi hakianzi na mada. Huanza na mtu aliyekwisha kuajiriwa. Huuliza: mtu huyu hufanya nini? Akifanya vizuri, sisi tunaomtazama tutajuaje kuwa amefanya vizuri? Hufanya akiwa mahali gani, kwa vyombo gani, mbele ya nani? Baada ya hapo ndipo hutaja maarifa anayoyahitaji, na ushahidi utakaotosha kumwita mtu huyo amefuzu. Mwanafunzi huandikiwa amefuzu, au huandikiwa bado. Nalipenda neno hilo bado. Katika Kiswahili chetu halifungi mlango. Mgonjwa aliyeulizwa kama amepona hujibu bado, na mwenye kumuuliza huondoka na matumaini.

Basi mimi, kwa kujiona hodari, niliifanya kazi ile kwa usiku tatu. Nilichukua madaftari yale manne ya kurithi, na kila palipoandikwa "mwanafunzi atajua" nikaandika "mwanafunzi ataweza." Palipoandikwa "somo" nikaandika "sehemu ya umilisi." Mada ya viambishi vya maneno ikawa: mwanafunzi ataweza kutumia viambishi vya mwanzo wa neno kwa usahihi. Kurasa hamsini na mbili zilipigwa chapa, zikafungwa kwa uzi mzuri, zikapelekwa kwa mkuu. Akazipima mkononi kama mtu apimaye nyama, akasema, "Sasa hii ni kazi, Mwalimu." Nikarudi Thika siku hiyo nimefurahi, hata nikajinunulia nanasi kituoni.

Katika darasa langu palikuwa na kijana mmoja wa kuchomelea vyuma. Alikuwa mtoto wa kibarua wa mashamba ya kahawa ya huko Ruiru, mashamba ambayo mengine sasa yamekwisha kuota nyumba za ghorofa mahali pa mibuni. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko mikono yote ya chuo kile. Aliweza kuunga vipande viwili vya chuma hata usione mahali vilipokutana. Kwa maneno alikuwa mzito, lakini alisikiliza, na alichokisikia alikiweka. Nilipofundisha viambishi niliandika ubaoni "correct" na "incorrect," "active" na "inactive," "complete" na "incomplete," nikasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka, "Neno likitanguliwa na 'in', maana yake hukanushwa, kama vile sisi tusemavyo 'si' na 'ha'." Kijana huyu aliandika. Katika jaribio alipata tisa kwa kumi, nami nikatia sahihi katika jalada lake: amefuzu.

Mwezi wa Juni alipelekwa Thika kwa mazoezi ya kazi, katika karakana moja ya sehemu ya viwanda. Siku ya nne alipewa grainda akate vyuma vya dirisha. Karibu na mahali pale palikuwa na pipa kuukuu la thina ya kuyeyushia rangi, kifuniko chake hakikukazwa vizuri. Kijana alilitazama kabla ya kuanza, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa karakana, asome maandishi yaliyo juu ya kila chombo. Pipa lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu, "INFLAMMABLE." Akatafakari. Alijua "flame" ni mwali wa moto. Alijua pia kwamba "in" ni kukanusha. Basi akaridhika kwamba kilichomo ndani ya pipa hakishiki moto, akawasha grainda, na cheche zikaanza kuruka upande ule ule.

Msimamizi wa karakana, mzee wa miaka kama sitini, alikuwa akinywa chai mlangoni. Hakusema neno. Alitupa kikombe, akakimbia, akang'oa plagi ukutani. Ndipo aliposema, na aliyoyasema sitayaandika hapa.

Hakuumia mtu. Kijana alirudishwa chuoni kwa juma moja, naye alinijia wakati wa mapumziko ya adhuhuri. Hakuja kunishitaki, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuja na daftari lake limefunguliwa katika ukurasa wa viambishi, akaweka kidole juu ya mstari, akasema, "Mwalimu, nilikosea wapi hapa?"

Hakuwa amekosea. Alitumia kanuni niliyompa, tena aliitumia kwa uangalifu, mahali panapostahili uangalifu. Neno lile limetoka katika Kilatini, na "in" yake si ya kukanusha. Ni ile ya kutia ndani, yaani kutia katika moto. Kwa hiyo "inflammable" na "flammable" ni neno moja kwa maana, ingawa jicho huyaona kama maadui. Wenye lugha yao wenyewe waliiona hatari hii zamani. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, chama cha kuzuia moto kiliwasihi watu waache kuandika "inflammable" juu ya vyombo na waandike "flammable" tu, kwa sababu watu walikuwa wakidhani vile vile alivyodhani kijana wangu. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nililijua neno hilo. Lilikuwamo kichwani mwangu siku ile nilipokuwa nikiandika ubaoni. Sikulitaja kwa kuwa halikuwamo katika daftari la kurithi.

Usiku ule nilizitoa zile kurasa hamsini na mbili nikazisoma upya. Kwa maandishi yangu kijana yule alikuwa amefuzu. Angaliwaka moto pamoja na karakana nzima, bado jalada lake lingalisema amefuzu, na sahihi yangu chini yake.

Hapa ndipo nilipoanza kuuliza kwa nini watu huweka viwango vya lugha hata kidogo. Nitakupa mfano mmoja, msomaji, ambao tangu hapo nimewasimulia wanafunzi wangu wote. Tarehe 27 Machi mwaka 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana juu ya njia ya kurukia, na ukungu ulikuwa mzito. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ilikuwa maneno. Rubani wa ndege moja, Mholanzi, alisema kwa redio maneno ya Kiingereza ambayo yangaliweza kuwa na maana kwamba yuko mahali pa kurukia akingoja, au kwamba anaruka sasa. Mwongozaji wa ndege, Mhispania, akaelewa maana ya kwanza. Kumbe ndege ilikuwa inakimbia. Hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa mjinga wa sarufi. Katika miaka iliyofuata mashirika ya usafiri wa anga yaliyakaza maneno ya redio, na toka Machi 2008 kanuni za dunia zikataka rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa wapimwe lugha wanayozungumza. Kipimo kina ngazi sita, na asiyefika ngazi ya nne hapewi ruhusa. Hawaulizwi wingi wa ng'ombe dume. Hupimwa kama wataeleweka jambo la ghafla likitokea.

Wazungu wa Ulaya nao, mwaka 2001, walitoa vipimo vyao vya ngazi sita kwa lugha zote, vilivyoandikwa kwa mtindo huo huo wa kusema mtu anaweza kufanya nini kwa lugha. Nilivisoma na kuona kwamba wenzetu wamehangaika na swali hili kwa muda mrefu. Lakini Ulaya iko mbali na karakana ya Thika. Nilihitaji kujua kijana wa kuchomelea vyuma anafanya nini kwa Kiingereza, toka asubuhi mpaka jioni, katika mji niukaao mimi mwenyewe.

Kwa hiyo wakati wa likizo ya Agosti nilikwenda kutazama. Nilimwendea kwanza yule msimamizi mzee, nikamwomba radhi, nikamweleza mimi ni nani. Alinitazama kitambo. "Wewe ndiwe uliyemfundisha?" Nikasema ndimi. "Basi kaa hapo kwenye benchi, Mwalimu, utazame." Nilikaa siku tatu kwake, kisha siku mbili kwa fundi wa umeme, na siku moja katika jiko la hoteli mjini.

Nililoliona kwanza ni kwamba Kiingereza hakikusemwa kabisa. Watu walisemezana kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, na ile lugha ya vijana ibadilikayo kila mwezi. Lakini Kiingereza kilikuwa kimekaa kimya kila mahali, kama mwenye nyumba asiyeonekana. Kilikuwa juu ya mapipa, juu ya mashine, katika karatasi ya kazi iliyoletwa na mteja, katika kitabu cha kupokelea bidhaa, katika fomu ya kueleza ajali. Kijana wa karakana aliyepatwa na jeraha dogo kidoleni aliacha fomu ile tupu kwa kuwa hakuweza kuandika sentensi tatu za jinsi alivyoumia. Ilikuwa siku ya pili nilipoona hayo, na fomu bado ilikuwa mezani siku ya tatu.

La pili ni kwamba simu ilipolia na mteja akasema Kiingereza, kila mtu alitafuta la kufanya mbali na simu. Na la tatu, ambalo ndilo lililonitia fikira kuliko yote, vijana walipopewa amri wasiyoielewa hawakuomba irudiwe. Waliitikia, "Sawa," wakaenda kukisia. Mzee aliniambia kwamba neno hilo sawa limemharibia vyuma vingi kuliko kutu. Nikakumbuka darasa langu. Nilipouliza, "Mmeelewa?" waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu," nami niliona raha kusikia sauti ile.

Nitasema jambo moja kwa ukali kidogo. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeufanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ikakifanya pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Laiti pipa lile lingaliandikwa kwa Kiswahili kwamba kilichomo hushika moto upesi, mimi nisingalikuwa na kisa cha kuandika. Viwango vyenyewe husema mawasiliano. Ni sisi walimu tunaosoma neno hilo kama kwamba limeandikwa Kiingereza. Nilipoandika kozi yangu upya niliweka ndani yake saa za kutafsiri: mwanafunzi asome onyo kwa Kiingereza, kisha amwambie mwenzake kwa Kiswahili, na mwenzake afanye kama alivyoambiwa. Baadhi ya wenzangu walicheka, wakisema ninakishusha cheo Kiingereza.

Kozi mpya ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Mkuu alizipima mkononi kama zile za kwanza, na uso wake ukaanguka.

Sina budi sasa kueleza sehemu ambayo hainipi sifa. Wakaguzi walikuwa waje mwezi wa Oktoba. Kanuni zilitaka kila mwanafunzi awe na jalada la ushahidi, na katika somo langu ushahidi huo ulikuwa pamoja na fomu tatu za kupimwa kwa mazungumzo, zenye tarehe na sahihi. Wanafunzi walikuwa arobaini na watatu. Fomu zao zote zilikuwa tupu, kwa sababu katika mihula miwili sikuwa nimempima hata mmoja kwa mazungumzo. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mkuu wa chuo aliniita jioni. Huyu hakuwa mtu mbaya, na sitaki msomaji amdhanie hivyo. Aliuza shamba alilorithi kwa baba yake ili afungue chuo kile, na miezi mingine alitulipa sisi kabla ya kujilipa. Aliniwekea fomu mezani, zote mia moja ishirini na tisa, na kalamu mbili za wino wa rangi mbalimbali. "Mwalimu," akasema, "hawa vijana unawajua. Unajua nani anaweza na nani hawezi. Tunachokosa ni tarehe tu."

Nilikaa nikatia sahihi. Nilianza na tarehe ya Februari kwa kalamu nyeusi, nikaendelea na Mei kwa kalamu ya samawati. Ilikuwa kazi nyepesi ajabu. Mkono hauna dhamiri, hujifunza upesi. Nilikuwa nimemaliza wanafunzi ishirini, nikachukua fomu ya ishirini na moja, nayo ilikuwa ya kijana yule wa pipa.

Nilitazama jina lake kwa muda. Kisha nikazikusanya zile nilizokwisha kutia sahihi, nikazipasua, nikazitia mfukoni, nikashuka ngazi. Ndani ya matatu nilishika mfuko wangu njia nzima mpaka Thika, kama mtu aliyebeba mayai.

Asubuhi nilimweleza mkuu. Hakunikemea. Alikaa, akavua miwani, akasema polepole, "Umeniua, Mwalimu." Nilimwambia kwamba siku tisa zinatosha kuwapima watu arobaini na watatu ikiwa masomo mengine yatatupa nafasi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwita mwalimu wa karakana.

Tukawapima kweli. Hatukutumia darasa. Wa kuchomelea vyuma walipimwa karakanani, wa mapishi jikoni, wasusi mbele ya kiti chenye mteja. Kila mmoja alisoma maandishi ya chombo akaeleza hatari yake. Alipokea amri iliyosemwa makusudi bila uwazi, ili tuone kama ataomba ielezwe. Na aliandika sentensi tatu za kueleza ajali tuliyoibuni. Walimu wa ufundi waliketi pamoja nami, nao waliuona mtihani wa Kiingereza kwa mara ya kwanza kama jambo linalowahusu. Kati ya arobaini na watatu, kumi na saba waliandikiwa bado. Kijana wa pipa alikuwa mmoja wao. Maandishi aliyasoma yote, na amri aliuliza irudiwe, tena kwa adabu nzuri. Sentensi tatu ndizo zilizomshinda.

Aliposikia neno bado alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. "Lakini Mwalimu," akasema, "mwezi wa Machi uliandika nimefuzu." Nikamjibu kwamba mwezi wa Machi aliyekosa ni mimi.

Wakaguzi walipokuja walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamke ndiye aliyefungua majalada yangu. Aliona kwamba tarehe zote zimo katika siku tisa, akauliza za nyuma ziko wapi. Nikamwambia hazipo kwa sababu hazikufanyika. Mkuu, aliyesimama karibu na dirisha, alikuwa akitazama nje kuelekea reli. Mwanamke aliandika kitu kirefu katika daftari lake. Kisha akaomba aitiwe mmoja wa wale kumi na saba, akazungumza naye faraghani kwa nusu saa, nami mpaka leo sijui walisemezana nini.

Chuo hakikufungwa, wala hakikusifiwa. Kiliandikiwa orodha ya makosa ya kurekebishwa, na somo langu lilichukua ukurasa mzima wa orodha hiyo. Mkuu alinisalimu kwa juma mbili bila kuongeza neno juu ya salamu. Katika juma la tatu alinunua ubao mpya wa darasa langu, akaupigilia yeye mwenyewe.

Kijana wa pipa alifuzu mwezi wa Februari 2020, katika jaribio lake la tatu. Alikuwa ameandika juu ya ajali yake mwenyewe, ile ya thina, na sentensi zake zilikuwa nne badala ya tatu. Machi hiyo hiyo vyuo vyote nchini vilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, tukatawanyika, nami sikumwona tena kwa mwaka mzima na zaidi. Baadaye nilikutana naye Thika karibu na soko, amevaa ovaroli, begani amechukua kipande cha bomba. Tulisalimiana kwa furaha. Aliniambia kwamba yule mzee alimpa kazi, akakaa kwake miezi kumi, na sasa anataka kwenda karakana kubwa zaidi ya Ruiru, karibu na kwao. Mzee amemwandikia barua ya kumsifu, lakini yeye bado hajaipeleka.

Aliweka bomba chini, akaitoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaifungua, akaweka kidole juu ya neno moja la mstari wa mwisho, kama alivyofanya siku ile na daftari. Niliinama nikasoma. Mzee alikuwa ameandika kwamba kijana huyu katika karakana yake amekuwa "invaluable."

"Mwalimu," akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya wasiwasi, "'value' si ndiyo thamani? Sasa hii 'in' ni ipi?"